Je, Sadaka ya Mke Yahitaji Ruhusa ya Mume?



Mwezi wa saba hapa Molo baridi haina mchezo. Mji wetu uko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi nyingine ukungu hauondoki mpaka saa nne. Sasa mfikirie mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, ambaye uzito wake haufiki kilo mbili. Mwili wake hauwezi kujipatia joto la kutosha. Ndiyo maana wauguzi humfunga kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Tena humvika kofia, kwa kuwa kichwani ndiko joto jingi hupotelea.

Akina mama wa CWA katika kigango chetu hufuma kofia hizo kwa uzi wa sufu. Vilevile hushona mito midogo kwa vipande vinavyobaki kwa fundi wa cherehani. Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa huukumbatia mto huo tumboni anapotaka kukohoa au kuinuka, na maumivu hupungua. Tangu lori la mafuta lilipolipuka Sachang'wan, Januari 31, 2009, na kuua zaidi ya watu 100, wengi wetu tunaijua njia ya wodini. Mimi kama katekista huenda kusali na wagonjwa, nami nakiri kwamba aliyepewa mto hunisikiliza vizuri kuliko yule niliyemletea sala peke yake.

Lakini ukurasa huu ni wa ndoa, kwa hiyo niwaelezeni ugomvi wetu.

Mwaka jana mama watoto alichukua shilingi 800 katika pesa tulizoweka za mbegu za viazi, akanunua uzi. Hakuniambia. Nilipofungua kopo siku ya kwenda kununua mbegu, nikakuta pesa hazitoshi. Nilimwita mwizi, mbele ya watoto. Yeye aliuliza jambo moja tu: "Baba watoto, zile elfu mbili ulizoahidi kwenye harambee ya paa la shule, mimi niliulizwa lini?"

Sikuwa na jibu, na kwa wiki nzima sikulipata.

Je, msomaji, wewe ungemjibu nini? Sisi wanaume tukitoa mbele za watu, twaita ukarimu. Mke akitoa kimyakimya, twaita hasara. Kibaba ni kipi hapo? Viazi vile nililima mimi, yeye akapanda na kupalilia, tukavuna pamoja. Nani basi aliye mwenye mali, hata mwenzake aje kumwomba ruhusa?

Hata hivyo siwezi kukubaliana na wale wanaosema kwamba cha Mungu hakiulizwi. Mkumbukeni Mtakatifu Martino wa Tours, yule askari aliyekata joho lake akampa maskini nusu. Alikata la kwake. Kama angekata la mwenzake aliyelala, maskini angepata joto lile lile, lakini sisi tusingemsifu. Mtoto wa wodini hajui kofia yake ilinunuliwa kwa pesa gani, nayo inampasha joto sawasawa. Wema aliopata mtoto hauwezi kufuta kosa la aliyetoa. Mali ya ndoa ni joho la watu wawili, na aliyekata peke yake, awe mke au mume, amekata na nusu ya mwenzake.

Kwa hiyo neno "ruhusa" mimi silitaki. Ruhusa huomba mgeni. Wanandoa huulizana.

Najua mama mmoja atasema: "Wangu nikimuuliza, jibu ni hapana kila siku, na pesa zinaishia kilabuni." Mama, hapo ni pagumu. Mume wa namna hiyo huwezi kusema umemnyima nafasi ya kukubali, ameikataa mwenyewe. Toa katika pesa za mayai yako na katika saa zako, lakini mwambie waziwazi. Mimi zile 800 ziliniuma siku mbili; lililoniuma mwezi mzima ni kwamba uzi ulifichwa chini ya kitanda.

Na hizo saa nazo zina maneno. Waume hunung'unika kwamba mke anashona mpaka usiku. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, Tabita wa Yafa alipofariki, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowatengenezea. Maandiko hayatuelezi kama alikuwa na mume. Laiti yangetuambia, tukajua huyo mzee alisema nini taa ilipowaka hadi saa sita! Mimi nilinyamaza siku niliyopewa kukunja na kujaza vitambaa kwenye mito. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili haraka kuliko mmoja, na maongezi yetu mazuri ya mwaka huu yamepatikana hapo.

Msimu huu tulikaa mezani kabla ya kununua mbegu. Tumetenga shilingi 500 za uzi na 500 za harambee. Mimi nilitaka harambee ipate 1,000, maana mwenyekiti ananijua. Yeye amekataa, na bado hatujamalizana. Kofia sita ziko tayari, juu ya kabati.