Risasi ya Kuchovya

Shemeji yangu anatengeneza risasi gereji kwake. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo dada alivyoniambia siku niliyofika Texas, kwa sauti ileile ambayo angetumia kusema mumewe anamwagilia bustani: "Shem wako yuko gereji anatengeneza risasi, nenda kamsalimie." Kwetu Tanzania sentensi kama hiyo mwisho wake ni kituo cha polisi. Kule ni jambo halali, na watu hulifanya kama wengine wanavyofuma vitambaa: jioni, taratibu, redio ikiwa chini.

Nilimkuta ameinama mezani. Mbele yake kulikuwa na mashine ndogo ya chuma yenye mpini wa kushusha na kupandisha, mizani kama ya sonara, na ndoo ya maganda matupu. Mwanawe wa miaka kumi na sita alikuwa pembeni akichambua maganda, yenye ufa huku, mazima kule.

"Karibu shem," akasema. "Usijishike usoni kabla hujanawa."

Kisha akanieleza. Risasi nzima ya bastola ina vitu vinne: ganda, fataki ya kuwashia, baruti, na kile kinachoruka, ambacho hapa nitakiita kichwa. Ukishapiga, ganda linabaki. Linasafishwa, linarudishwa kwenye umbo lake, linawekewa fataki mpya, baruti iliyopimwa na kichwa kipya. Kazi yote, alisema, iko kwenye kuchagua kichwa.

Kuna kichwa cha risasi tupu, yaani yale madini yenyewe. Hicho ni rahisi kwa bei lakini kinachafua. Kuna kichwa chenye koti, ambapo kikombe cha shaba kinakandamizwa juu ya risasi; hicho ni imara, na bei yake iko juu. Katikati kuna kichwa cha kuchovya. Kipande cha risasi kinatumbukizwa kwenye maji yenye chumvi za shaba, umeme unapitishwa, na shaba inajijenga juu yake kidogo kidogo, kama mkufu unavyochovywa dhahabu. Inafunika pande zote mpaka kitako, mahali ambapo koti la kawaida mara nyingi huacha wazi. Kwa hiyo moto wa baruti hauiramba risasi moja kwa moja, na mpigaji anavuta sumu kidogo zaidi. Ubaya wake ni kwamba ngozi hiyo ni nyembamba na laini. Ukibana mno mdomo wa ganda, inakatika. Ukiisukuma kwa kasi kubwa kupita kiasi, inaweza kuchanika njiani. Ndiyo maana watengenezaji huweka kikomo, wengi wakitaja karibu futi 1,200 kwa sekunde.

Shemeji amechagua cha kuchovya, na ana sababu. Bei inamfaa. Mapafu yake na ya mwanawe yanapata nafuu. Kila mwaka anapima damu kuangalia kiwango cha madini hayo. Kila risasi anaiangalia kwa macho kabla ya kuiweka kwenye boksi, na akiitilia shaka anaitenga. "Mimi shem nataka kuwa mtu makini," alisema, nami nikamwamini. Nimewahi kuhoji madaktari wasiokuwa na nusu ya umakini ule.

Swali lililonijia usiku ule, usingizi wa saa za ugenini ukiwa umegoma, ni hili: umakini ni wema? Ukifanya jambo kwa uangalifu mkubwa, uangalifu huo unalisafisha jambo lenyewe, au unakusafisha wewe tu machoni pako?

Kiswahili chetu hakitusaidii kukwepa. Waingereza wana neno moja kwa madini na jingine kwa kile kinachotoka kwenye mtutu. Sisi tuna moja tu. Risasi ni yale madini mazito ya kijivu, na risasi ni ile inayoua. Kiarabu, lilikotoka neno hilo, nacho kinafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo ukisema "risasi ya kuchovya" kwa Kiswahili, unasikia kabisa kwamba kilichopo ndani hakijabadilika. Kimevishwa tu.

Na historia ya kuivisha ni ya ajabu kidogo. Mwanzoni koti halikuwekwa kwa kumhurumia mtu. Mwishoni mwa karne ya 19 zilikuja baruti mpya zenye kasi kubwa, na risasi tupu ikawa inapakaa ndani ya mtutu na kuuharibu. Shaba na metali nyingine zikawekwa juu ili bunduki isiumie. Kisha ikaonekana kwamba risasi iliyofunikwa yote mara nyingi inatoboa na kupita, bila kufumuka ndani ya mwili. Waingereza kule India hawakuridhika nayo. Kwenye kiwanda cha Dum Dum, karibu na Calcutta, wakaacha ncha wazi ili ipasuke inapogonga nyama.

Mwaka 1899 mataifa yalikutana Hague kwa wito wa mfalme wa Urusi. Lengo kubwa lilikuwa kupunguza silaha, na hilo liliwashinda. Walichoweza ni kukubaliana mambo kadhaa madogo, mojawapo likiwa kuhusu koti: tarehe 29 Julai likatoka azimio la kukataza vitani risasi zinazofumuka kirahisi mwilini, kama zile ambazo koti lake halifuniki risasi yote. Mjumbe wa Uingereza, Sir John Ardagh, alilipinga akidai kwamba askari wa nchi iliyostaarabika akipigwa huanguka, lakini "mshenzi" huendelea kukujia. Na azimio lenyewe likasema linawafunga wenye mkataba tu, wanapopigana wao kwa wao.

Wengi wetu tunamjua Kinjeketile kupitia tamthilia ya Ebrahim Hussein. Miaka sita baada ya Hague, mwaka 1905, watu wa kusini mwa nchi yetu waliingia vitani dhidi ya Wajerumani wakiwa wamepewa maji ya kuigeuza risasi kuwa maji. Ujerumani ilikuwa mshirika wa azimio la Hague. Wamatumbi na Wangoni hawakuwa. Tumezoea kuwasikitikia wazee wetu kwa kuamini kwamba kitu cha kupakaa mwilini kingewakinga. Siku hizi najiuliza kama waliokaa Hague hawakuwa na imani inayofanana na hiyo: kwamba kitu cha kupakaa kwenye risasi kingewakinga wao na uovu wa vita. Vita ya 1914 ikaja, na wapo wengi waliouawa na risasi zilizofunikwa vizuri kabisa, kwa mujibu wa kanuni.

Sisemi azimio lile lilikuwa upuuzi. Mtu aliyetobolewa akapona ni mtu aliyepona. Tena mambo hayaendi upande mmoja. Mwaka 1998 polisi wa New York walitangaza kuhamia risasi zenye tundu kwenye ncha, zinazofumuka, na moja ya hoja zao ni kwamba risasi yenye koti kamili inapita kwa mlengwa na kumpata mpita njia. Yaani kinachokatazwa vitani kwa kuwa ni ukatili, mjini kinachaguliwa kwa kuwa ni tahadhari. Sababu zote mbili zina akili ndani yake. Kwa hiyo swali la koti ni swali la kweli, na mtu analiuliza kwa nia njema. Shida ni kwamba lina jibu. Unalipima kwenye mizani na kulimaliza, halafu unajisikia umeshamaliza na lile jingine, la nani atapigwa na kwa nini.

Haya yote yangebaki kuwa mawazo ya mtu aliyekosa usingizi kama si yule kijana. Jioni ya pili, wakati baba yake ananionyesha namna ya kushusha mpini, akauliza bila kuinua kichwa: "Baba, zile za chumbani mbona hatutengenezi?"

Nikamtazama shemeji. Akaeleza, kwa ufupi. Hizi za gereji ni za karatasi, za kulenga shabaha Jumapili. Chumbani, kwenye sanduku la kufuli, kuna bastola yenye risasi za tundu, za kulinda nyumba. Hizo ananunua dukani. Kule wanashauriana hivyo: siku ukimpiga mtu ukafikishwa mahakamani, usije ukaulizwa kwa nini ulijitengenezea mwenyewe risasi ya kumuulia.

"Kwa hiyo za karatasi tunatengeneza kwa mkono wetu," kijana akasema, "na za mtu tunanunua."

"Ndiyo," baba akajibu. Akarudi kwenye mizani. Hakuna aliyeongea kwa muda.

Ningeweza kuishia hapo na kumwachia shemeji mzigo wote. Lakini siku ile nilijiona mwenyewe. Miaka michache iliyopita, chumba cha habari nilichokuwa nafanya kazi, nilipewa kuandika habari ya kijana aliyepigwa risasi na askari akikimbia. Tulibishana karibu nusu saa, mimi na mhariri, tumwite "kijana" au "mtuhumiwa". Tulibishana kwa umakini kabisa, tukizingatia haki na sheria. Tukakubaliana "kijana", na nikajiona nimemtetea. Sentensi iliyotoka ilisema kijana amefariki "baada ya kupatwa na risasi". Kupatwa! Kama mafua. Ndani ya sentensi ile hamkuwa na mkono wala mtutu, na jina la mtu aliyefyatua halikuwamo. Mama yake angeisoma na kufikiri risasi ilikuwa inapita zake, ikakutana na mwanawe.

Nusu saa ile ndiyo kuchovya kwangu. Neno "kijana" lilikuwa chaguo zuri, kama ambavyo shaba ni chaguo zuri kwa mapafu ya mtoto. Sitaki kulifuta. Ila lilinipa ruhusa ya kutokuuliza lililobaki, na nadhani hapo ndipo umakini unapokoma kuwa wema. Umakini unaokuacha na swali gumu ukilitazama ni wema. Umakini unaokuondolea swali hilo, hata uwe msafi namna gani, ni kujificha.

Sijui shemeji yuko upande gani, na nina hakika naye hajui. Anampenda mwanawe, na hajawahi kumwelekezea mtu bastola. Lakini sasa kuna swali gereji kwake ambalo mizani haiwezi kulipima, na aliyelileta ni mtoto anayechambua maganda.

Kabla sijaondoka alinipa nafasi ya kushusha mpini mara moja. Nilishusha. Kichwa kikaingia kwenye ganda kwa ulaini ambao, niseme ukweli, ulinifurahisha. Kilikuwa kizuri, kinang'aa kama senti mpya. Nikakiweka kwenye boksi na vingine, nikaenda kunawa.

Wiki iliyofuata, nikiwa nimesharudi Dar, niliandika habari nyingine ya mtu aliyepigwa risasi. Niliandika nani alimpiga. Mhariri akanipigia simu kuuliza kama nina uhakika tunataka kuiweka hivyo. Nikamwambia ndiyo, tuiweke hivyo.