Mgomba na Mkungu Wake

Iko mithali itumiwayo kumsifu mzazi: Mgomba haushindwi na mkunguwe. Maana yake, mzazi hachoki na mzigo wa mtoto wake. Ni mithali njema, lakini twashuku ya kwamba aliyeitunga hakulima ndizi. Kila mwenye kibanja katika Nyakatuntu ajua ya kuwa mgomba wenye mkungu mzito, hasa uliosimama mahali pa upepo, huanguka. Kwa hiyo huukatia mti wenye panda na kuutegemeza mapema, kabla haujainama. Wala hapana mkulima ajisifuye kuwa ameutendea mgomba wake hisani. Leo twataka kuuliza kama mzee naye hutegemezwa kwa hisani, au kwa deni.

Kwa desturi ya baba zetu swali hili lilikuwa na jibu jepesi. Mtoto alilelewa, akakua, akaoa. Na wazazi walipoishiwa na nguvu akawalimia, akawajengea, akawauguza. Lilikuwa deni, na mdaiwa alijulikana kwa jina. Ugumu wetu ulianza pale mdaiwa alipokufa kabla ya mdai. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa katika Tanzania walionekana mkoani kwetu Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata wazee wengi waliwazika watoto wao, kinyume cha taratibu ya kuzaliwa. Serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kupunguza makali, mwaka 2004, nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kubaki na watu wa namna mbili tu, bibi na wajukuu. Bibi aliyetazamia kulishwa akaanza kulisha tena. Akashika jembe upya, akatafuta sare ya shule na daftari, akakesha na mtoto mwenye homa, naye mwenyewe magoti yamekwisha kuuma.

Basi, deni la yule marehemu lilikwenda wapi? Twajua tufanyavyo katika mambo ya fedha. Matanga yakimalizika, mmoja wa ukoo husimama mbele ya watu na kuuliza ni nani anayemdai marehemu, ili alipwe. Mwenye duka husema, na aliyemkopesha mbegu za maharage husema. Hatujasikia hata mara moja mama wa marehemu akisimama kusema, Mimi namdai uzee wangu. Angesema, watu wangedhani huzuni imemtia wazimu. Walakini deni lake lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyotajwa siku ile.

Sisi twasema ya kwamba deni hilo halikuzikwa. Hulirithi yule aliyepata faida. Wa kwanza ni wajukuu wenyewe, ambao sasa ni watu wazima. Wengine ni walimu, wengine ni wauguzi, wengine wako Mwanza na Dar es Salaam. Wako wanaopeleka fedha kwa simu kila mwezi, nasi twawashukuru, ingawa simu haiwezi kumchotea mtu maji wala kumgeuza kitandani. Lakini baada ya wajukuu twafuata sisi sote. Watoto wale waliolelewa na bibi ndio walioketi katika shule zetu, wakaimba katika kwaya zetu, wakalipa kodi. Kama bibi asingaliwachukua, ni nani angaliwachukua? Usharika, au kijiji, au serikali. Alibeba mzigo wetu, na hakuna aliyemlipa ujira.

Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo habari za wajane, aliweka taratibu ambayo yafaa kuiangalia. Watoto na wajukuu ndio waanze kuwatunza wazee wao. Bali mjane aliyebaki peke yake, yeye yu juu ya kanisa. Tena aliwaandikisha wajane waliotimiza miaka 60, na umri ni huo huo uliowekwa na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003.

Pengine msomaji atauliza, Kuna tofauti gani, iwe hisani au deni, mradi mzee apate chakula? Tofauti ni kubwa. Mwenye kutoa hisani huchagua. Humpa bibi mpole, mwenye shukrani, asiyekosa ibada. Naye mzee mwenye kinywa kikali, aliyekuwa mlevi katika ujana wake, humpita. Tena yuko yule ambaye majirani humnong'ona kuwa ni mchawi, kwa kuwa macho yake ni mekundu, na wekundu huo ameupata kwa moshi wa kuni miaka hamsini akiwapikia watu. Mwenye kulipa deni hana ruhusa ya kuchagua. Hamwulizi mdai kama ni mtu mwema.

Twapenda kutazama na habari za matibabu, maana hapo hisani na deni huonekana wazi. Sera ile ya 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza, na katika zahanati na hospitali nyingi limewekwa dirisha lao, na tangazo la kutaka mzee apishwe ahudumiwe kwanza. Ni jambo jema sana. Lakini dirisha halimfuati mtu nyumbani. Mzee mwenye shinikizo la damu au kisukari hahitaji dawa ya siku moja. Ahitaji dawa kila siku, na kupimwa mara kwa mara. Akiambiwa dawa zimekwisha, akanunue dukani, matibabu ya bure yamekoma papo hapo. Akiandikiwa kwenda hospitali, Nyakahanga ama kwingine, nauli ya pikipiki ni yake. Mwenye mtoto wa jicho aweza kuwa kipofu miaka mingi kwa kukosa mtu wa kumshika mkono hadi kwa daktari, na ugonjwa huo huondolewa kwa upasuaji mfupi.

Lakini yako yaliyokwisha kutendwa. Huko Nshamba, wilaya ya Muleba, tangu mwaka 2003 shirika la Kwa Wazee limewapa wazee maskini, hasa mabibi walezi, fedha kidogo kila mwezi. Habari za uchunguzi wa kazi hiyo zilitolewa mwaka 2008, na jina lake lenyewe lataja chumvi, sabuni na viatu vya shule. Wale waliokuwa wakihofu kwamba wazee watapoteza fedha wasome jina hilo. Zanzibar nayo, mwezi wa Aprili 2016, ilianza kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama aliajiriwa au la. Kwetu bara pensheni ya wazee wote bado haijawekwa.

Wako wasemao, Tukiwatunza wazee wa watu, vijana watakuwa wavivu. Vijana wavivu walikuwapo kabla ya pensheni. Kijana akimtupa mama yake, na tumkemee. Ila mama asikae na njaa akingoja kemeo letu lizae matunda.

Makatekista na wazee wa kanisa (ambao wengine hawana mvi hata moja) huzunguka nyumba kwa nyumba, nao wawajua waliobaki peke yao kuliko ofisi yo yote iwajuavyo. Daftari la washarika liko tayari katika kila mtaa. Na liongezwe mahali pa kuandika, kwa kila mzee asiye na mtoto, siku dawa zake zinapokwisha, na jina la mtu atakayekwenda naye zahanati siku hiyo.