Kumhakiki He-Man kwa Haki

Mtu mzima anayekusanya midoli huulizwa maswali mengi, na mengi yana haki yake. Pesa hiyo si ingenunua sukari? Watoto wa nyumbani wanaruhusiwa kuigusa? Huwa najibu bila kununa, maana wanaouliza ni watu wangu. Swali linalonisumbua hutoka kwa wakusanyaji wenzangu, nalo ni fupi: "Vipi, ni mzuri?" Mwenzangu anauliza akiwa na pesa aliyoidunduliza. Mimi namjibu nikiwa na kitu nilichokipenda tangu utotoni. Kati ya pesa yake na mapenzi yangu, ukweli hupotea kirahisi sana.

Ninayokusanya ni midoli ya Masters of the Universe, ile ya He-Man na Skeletor, iliyotolewa na kampuni ya Mattel ya Marekani mwaka 1982. Mattel walikuwa wameikataa nafasi ya kutengeneza midoli ya Star Wars, kampuni ya Kenner ikaipokea, na filamu ile ya 1977 ilipovuma Mattel wakabaki kutazama wenzao wakivuna. Ikabidi watafute shujaa wa kwao. Mark Taylor alikuwa na michoro ya wapiganaji wa kale wenye misuli na panga, Roger Sweet akaleta vielelezo vya wanaume vipande vya watu, Tony Guerrero akachonga. Nani hasa alimzaa He-Man ni ubishi uliodumu miaka mingi. Mimi nikihakiki huwataja wote, kwa sababu kazi ya mikono ina wenyewe na wenyewe hawa wamesahaulika mno.

Wangu wa kwanza nilimpata sokoni Kongowea, Mombasa, kwenye fungu la midoli ya mitumba, amelaliwa na dubu wa manyoya asiye na jicho. Hakuwa na shoka wala ngao, na dirii yake ilikuwa imekatika mgongoni, mahali inapokatikia karibu kila mara. Ana urefu wa sentimita 14 hivi. Kichwa ni cha plastiki laini, kifua ni kigumu. Mgongoni kuna muhuri wa mwaka 1981 na jina la nchi alikotengenezwa. Wapo wa Malaysia, wa Taiwan, wa Meksiko. (Mwaka huo ni wa hakimiliki. Mdoli wenyewe unaweza kuwa ulitoka kiwandani baadaye, na anayekuuzia tarehe hiyo kwa bei ya juu mwulize maswali.) Ndani ya kiuno mna springi: unakizungusha kwa kidole gumba, unakiachia, na kiwiliwili kinarudi kwa kishindo, mkono ukipiga. Miguu imeshikiliwa na mpira uliopita ndani ya nyonga. Mpira huo ndio ugonjwa wake. Ukizeeka unalegea, na He-Man hawezi tena kusimama bila kuegemezwa.

Sasa nimseme vipi? Viwiko vyake havikunjiki, magoti hayakunjiki, na mikao anayoweza kukaa ni ya kuhesabu. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba alitengenezwa ili atupwe mchangani, agonganishwe na wenzake, azamishwe kwenye beseni, na miaka zaidi ya 40 baadaye springi ya huyu wangu bado inapiga. Mhakiki akitaja la kwanza akalificha la pili, amemdhulumu fundi. Akitaja la pili akalificha la kwanza, amemdhulumu mnunuzi.

Kumbukumbu nayo inahitaji kuchungwa. Sisi tuliomjua He-Man kwa kanda za video, zilizoletwa na ndugu waliokuwa wakifanya kazi Uarabuni, tunapenda kulalamika kwamba mdoli "si kama yule wa kweli". Wa kweli yupi? Katuni ya kampuni ya Filmation, yenye vipindi 130, ilianza kuonyeshwa mwaka 1983, baada ya midoli kuwa tayari madukani. Katika vijitabu vya mwanzo vilivyokuwa vikifungwa pamoja na midoli, He-Man ni mtu wa porini aliyeaga kabila lake, hana kasri wala baba mfalme, na Mwanamfalme Adam, sura yake ya kawaida kwenye katuni, hayumo kabisa. Tunachokiita cha asili ni kile kilichotufikia sisi kwanza. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote huuweka mdoli mezani na kuutazama huo ulio mbele yangu, na yule wa kwenye kanda namwacha apumzike.

Nasisitiza haya kwa sababu tumeingia katika msimu wa sifa. Kampuni zimegundua kwamba waliokuwa watoto miaka ya themanini sasa wana mishahara, na kila mdoli wa zamani unarudishwa sokoni kwa boksi jipya. Wahakiki wengi wanausifu kila unaotoka, pengine kwa kuogopa kukosa mwingine wa kupewa bure, pengine kwa furaha tu ya kuuona tena uso ule. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Rangi inapakwa nje ya mstari, viungo vinafika vimelegea, na hakuna anayesema kwa sababu sote tunapenda. Mimi nadhani anayependa ndiye mwenye wajibu wa kusema. Asiyependa hajui hata pa kutazama.

Chukua midoli ya Origins, ambayo Mattel waliianza mwaka 2020. Ukubwa ni uleule wa zamani. Viwiko na magoti sasa yanakunjika, vifundo vya mikono vinazunguka, na unaweza kuchomoa kichwa na mikono ukabadilishana na mdoli mwingine, jambo ambalo watoto wa nyumbani wamelipenda kuliko mimi. Kwa kuchezewa, Origins inawashinda wazee wake. Ila wameiondoa springi ya kiunoni. Ukimzungusha He-Man mpya anabaki palepale ulipomwacha, na pigo lile lililokuwa roho ya mdoli wa 1982 halipo. Nimelisema hili mara nyingi na nitaendelea kulisema.

Wakati mwingine ukweli huo ni wa shilingi kabisa. Kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Likoni, alinijia na simu yake. "Ami, niangalizie hii. Muuzaji anasema kila kitu ni cha asili." Alikuwa Skeletor wa zamani, uso wa manjano na kijani, upanga wa zambarau mkononi. Upanga huo una habari yake: kila mmoja kati ya Skeletor na He-Man alipewa nusu ya upanga mmoja, bapa upande wa ndani, na nusu hizo zikikutana zinashikana, ndiyo ufunguo wa Ngome ya Grayskull. Wa kwenye picha uling'aa kupita kiasi, na michoro ya mpini ilikuwa imefifia, kama kawaida ya kitu kilichomiminwa kwenye kalibu iliyochukuliwa kutoka kwa kitu kingine. Nikamwambia, "Mwanangu, mwombe akupigie picha upande wa bapa." Picha ikaja, muuzaji akakiri kuwa upanga ni nakala, bei ikashuka, na mwalimu akanunua. Nakala si haramu. Skeletor anayechezewa na watoto hahitaji upanga wa 1982. Haramu ni kuinyamazia.

Wasomaji wananitaka nimseme Stinkor, kwa hiyo nimalize naye. Alitoka mwaka 1985, na kichwa chake ni cha Mer-Man, mdoli wao wa awali, kilichogeuzwa rangi kikawa cha kicheche. Mattel walizoea kuazimisha viungo ili kupunguza gharama. Beast Man na Stratos wa 1982 walivaa kifua kimoja, na chui Battle Cat alitokana na kalibu ya mnyama wa midoli yao ya awali, Big Jim. Wapo wanaoudharau uchumi huo. Mimi nauheshimu, maana ndio ulioleta viumbe wengi namna ile kwa bei ambayo mzazi wa kawaida wa Marekani aliimudu. Lakini kwa Stinkor walizidisha: uso ule kila mtu alikuwa ameshauona. Kinachomwokoa ni harufu. Mafuta ya pachuli yalichanganywa ndani ya plastiki yenyewe, na ukimnusa leo bado ananuka. Kama bei anayotajiwa mtu ni ya mdoli wa kawaida wa mkondo ule, namshauri anunue na amweke mbali na wenzake kabatini. Kama ni bei ya nadra, aiache. Na asikubali kabisa aliyeoshwa kwa sabuni ya unga na kupuliziwa manukato, kama yule niliyeletewa juzi na muuzaji akidhani amenifanyia hisani.