Mtoto Ameamkaje?

Masomo: Walawi 13:1–6, Walawi 14:1–3 na 21–22, Wagalatia 6:1–5

Wiki hii sianzi na ushuhuda wa ushindi. Naanza na uongo niliousema mimi mwenyewe, mlangoni pa mtu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Biblia ikiwa kwenye begi.

Wengi wenu hapa Kitale mnajua mambo ya mtoto wa kupelekwa kulelewa. Baba anatoka, mama anatoka, na kuweka msichana wa kazi si kila nyumba inaweza. Basi mnampata mama mmoja mtaani, mtu mzima mwenye subira, analea watoto sita au saba sebuleni kwake kuanzia alfajiri hadi jioni. Ni deikea isiyo na bango. Wa kwetu watoto humwita Kukhu, na sisi wazazi tukajikuta tunamwita hivyo hivyo.

Jumatatu moja binti yetu, wakati huo akiwa na mwaka mmoja na nusu, aliamka na joto jingi. Usiku alikuwa amehara mara tatu. Mimi nilikuwa na safari ya Bungoma, semina ya viongozi, na ilibidi nipate matatu ya mapema ya kupitia Kiminini na Webuye. Mke wangu alikuwa na mwezi wa pili tu kazini, bado yuko kwenye majaribio. Tukatazamana. Hakuna aliyesema kitu. Nikampa mtoto dawa ya maji ya kushusha joto, tukambadilisha nepi, nikambeba.

Kukhu alifungua mlango akauliza swali lake la kila siku: "Pasta, mtoto ameamkaje?"

Nikajibu, "Salama, Kukhu. Mungu ni mwema."

Mungu ni mwema, hilo halina shida. Lakini asubuhi hiyo nilitumia jina lake kufunika nepi.

Kufikia Jumatano, watoto wanne kati ya saba walikuwa wanahara na kutapika. Mmoja alilazwa, akakaa hospitalini siku mbili akiongezwa maji kwa mshipa. Mama yake huuza mitumba, na siku hizo zote hakufungua. Tunamshukuru Mungu mtoto alirudi nyumbani. Lakini kwenye kikundi chetu cha WhatsApp swali lilikuwa moja tu: nani ameleta huu ugonjwa? Na jibu likapatikana haraka. Ni Kukhu. Maji yake machafu, vikombe vyake, nyumba yake. Wazazi wawili wakatoa watoto bila kumlipa pesa za mwezi.

Mimi nilikuwa nasoma hizo jumbe nikiwa Bungoma. Sikuandika neno. Siku mbili, wapendwa. Niliporudi, mke wangu aliniambia, "Baba, huyu mama anasulubiwa kwa kosa letu." Jioni hiyo hiyo tukaenda kwa Kukhu, kisha kwa mama wa yule mtoto aliyelazwa.

Nilitarajia anifokee. Hakufoka. Alinyamaza kwa muda, halafu akasema, "Pasta, ungesema tu hiyo Jumatatu, mimi ningemwacha wangu kwa dada yangu."

Nimehubiri miaka kadhaa, na sijasikia mahubiri mafupi yenye uzito kama hayo. Maana kosa langu halikuwa kwamba mtoto wangu aliugua. Watoto huugua. Pengine hata si yeye aliyeanza, kwa sababu baadaye mzazi mwingine alikiri kwamba wa kwake pia aliendesha Jumapili. Kosa langu ni kwamba yule mama alikuwa na nafasi ya kuchagua, na mimi nikamnyang'anya. Nilijua kitu ambacho kingemsaidia kumlinda mtoto wake, nikakiweka mfukoni.

Hapa tutofautishe mambo mawili. Kuambukiza bila kujua si dhambi. Chukua surua. Mtoto mwenye surua huanza kuambukiza wengine karibu siku nne kabla vipele havijatoka, na huendelea karibu siku nne baada ya kutoka. Mzazi anamleta akiwa na mafua tu na macho mekundu, hajui lolote. Kwa hivyo swali la "nani ameleta" mara nyingi halina jibu, na mara nyingi si la kutafuta jibu, ni la kutafuta mtu wa kupiga mawe. Wanafunzi walimuuliza Yesu swali la aina hiyo kwenye Yohana 9, kuhusu yule kipofu, nani alitenda dhambi. Bwana alikataa hesabu hiyo. Lakini kujua na kuficha ni jambo lingine kabisa. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye nyumba ya watoto saba ni vibaya zaidi, kwa sababu anayeumbuliwa anaweza kuwa mtoto wa jirani.

Sasa najua mtu atauliza: Pasta, si sisi tunakiri uponyaji? Nikisema mtoto ni mgonjwa, si ninaupa ugonjwa nafasi? Mpendwa, soma Luka 17. Wenye ukoma kumi walipomlilia Yesu, aliwatuma kwa makuhani wakakaguliwe, na njiani wakatakasika. Mponyaji mwenyewe hakuogopa ukaguzi. Kukiri kwa imani ni kumwambia Mungu tunachomwamini afanye. Si kumficha jirani kile tulichokiona usiku. Omba usiku kucha kama umejaliwa, na asubuhi mwambie Kukhu ukweli.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya mara ya pili. Nilisomea biashara chuoni, na jambo moja nililotoka nalo ni kwamba gharama haifi. Ukiiondoa kwako, imehamia kwa mwingine. Jumatatu ile mimi na mke wangu tuliokoa siku moja ya kazi na nauli ya semina. Gharama ikahamia kwa muuza mitumba, na nyingine kwa Kukhu. Sasa ligeuze. Tukiwaambia wazazi wote wakae na watoto wagonjwa nyumbani, gharama inaangukia wapi? Inaangukia kwa mama anayepalilia mahindi ya watu kwa malipo ya siku, asiyepalilia leo halali na unga. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa likizo ya ugonjwa wake mwenyewe, baada ya miezi miwili kazini, angalau siku saba za mshahara kamili na saba za nusu. Mtoto akiugua, unaanza kumbembeleza mkubwa wako. Na wa kibarua hata hana mkubwa wa kubembeleza.

Ndiyo maana nawaomba msome Walawi 14 polepole. Tunapenda kuruka hizo sura, tunaona ni mambo ya kale ya ukoma. Lakini angalia. Kwenye sura ya 13, kuhani anamtazama mgonjwa, anamtenga siku saba, anarudi kumtazama tena. Hamtukani, hamuulizi alitembea wapi. Kwenye sura ya 14, aliyepona harudi mwenyewe kwa kunyata. Kuhani ndiye anayetoka nje ya kambi kumwendea. Halafu mstari wa 21: kama mtu huyo ni maskini na hana uwezo wa sadaka iliyotajwa, basi alete ndogo zaidi, mwanakondoo mmoja badala ya watatu, na unga kidogo. Mungu alipoweka sheria ya ugonjwa wa kuambukiza, aliweka pia bei ya maskini. Hakuifuta sheria. Alipunguza bei.

Ukiweka hilo pamoja na Wagalatia 6, mambo yanafunguka. Mstari wa 2 unatuagiza kubebeana mizigo. Mstari wa 5 unasema kila mtu atabeba wa kwake. Watu hudhani Paulo anajipinga. Mimi sioni hivyo tena. Kusema ukweli mlangoni ni mzigo wa kila mmoja, tajiri na maskini, pasta na mshirika, na hakuna anayeweza kukubebea. Lakini bei ya ule ukweli, yaani siku ya kazi iliyopotea, hiyo ni ya kubebeana. Kanisa likidai mzigo wa kwanza na kukataa wa pili, litafundisha watu kudanganya.

Tulishaliona hili. Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya korona, na Julai yakaruhusiwa kufunguliwa kwa watu wasiozidi 100 na ibada ya saa moja. Mwaka ule tulielewa haraka kwamba ukimwambia mtu akae nyumbani, lazima umuulize atakula nini. Tumesahau kwa sababu sasa mgonjwa ni mtoto mmoja mtaani, si nchi nzima.

Basi tulifanya nini kwa Kukhu? Tulikaa sebuleni kwake, wazazi wote waliobaki, na mmoja wa wale walioondoka akarudi. Kwanza nikatubu mbele yao, na pesa za Kukhu zilizobaki zikalipwa. Halafu tukakubaliana.

Kila asubuhi Kukhu atauliza, na mzazi atajibu kweli: joto, kuhara, kutapika, vipele, na dawa aliyopewa mtoto nyumbani na saa aliyopewa. Dawa ya kushusha joto haiui ugonjwa, inanyamazisha tu alama yake.

Mtoto aliyehara au kutapika hatarudi mpaka saa 48 zipite tangu mara ya mwisho. Hicho ndicho kipimo cha vituo vya watoto kule Uingereza, nasi tumekichukua. Wa tetekuwanga atangoja mpaka vipele vyote vikauke magamba.

Kukhu akilazimika kufunga kwa ajili ya ugonjwa, atalipwa nusu ya siku hizo. Hili lilileta ubishi. Lakini fikiria: kama kusema "nina watoto watatu wanaoumwa" kunamfanya alale njaa, na yeye atajifunza kusema salama, Mungu ni mwema.

Kila mzazi anaweka shilingi 50 kwa wiki. Pesa hizo ni za mzazi wa kibarua ambaye mtoto wake ameugua na hana budi kubaki naye. Ni kidogo, hazifiki malipo ya siku nyingi, lakini kwa siku mbili mtu hahitaji kudanganya. Na akina mama wawili wa ushirika wetu wa nyumbani, ambao watoto wao ni wakubwa, wamejitolea kukaa na mtoto kama huyo kwake nyumbani.

Tena, kila mmoja alileta kijitabu cha kliniki. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9 na tena miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo wengi husahau kwa sababu mtoto ameshaanza kutembea na anaonekana mzima. Chanjo ya virusi vya rota, ambavyo huharisha sana watoto wadogo, ipo nchini tangu 2014. Ukichelewa usione aibu, nenda kituo cha afya wakwambie. Na mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, hasa baada ya nepi. Ile dawa ya kupaka mikononi haitoshi kwa magonjwa haya ya tumbo.

Mtoto akihara, mpe ORS na zinki, siku 10 hadi 14 za zinki hata kama tumbo limetulia, na aendelee kunyonya na kula. Lakini akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, macho yakiingia ndani, akipata degedege au ukiona damu kwenye choo, usingoje ibada ya maombezi. Beba mtoto uende hospitali, na utupigie simu ukiwa njiani. Tutaomba tukikufuata.

Neno la mwisho ni letu hapa kanisani, Kitale na kwa ndugu zetu wa Bungoma. Shule ya Jumapili nayo ni sebule ya watoto wengi. Mtoto akiwa mgonjwa, usimpeleke kule akachanganyike na wenzake huku wewe unasifu. Mwambie shemasi mlangoni, na mmoja wetu atatoka nje kumwombea, kama yule kuhani alivyotoka nje ya kambi. Ukibaki nyumbani, tuma ujumbe, na mtu wa ushirika wako atafika na kitu mkononi. Viongozi wa ushirika, hili la mfuko mdogo wa wazazi lijadilini wiki hii, mniambie Jumatano jioni ni nyumba ngapi zina watoto wanaolelewa nje, na ni nani kati yao anaishi kwa kibarua.

Yule binti yetu bado yuko kwa Kukhu. Wiki iliyopita alikohoa usiku. Asubuhi niliulizwa swali lile lile mlangoni. Nikasema, "Kukhu, amekohoa, na joto liko kidogo." Kukhu akamshika paji la uso, akanirudishia. Nikapiga simu kazini kwamba leo nitachelewa.

Tuombe. Bwana, tusamehe kwa mara tulizotumia jina lako kufunika ukweli. Walinde watoto wetu na wa jirani zetu. Utupe ujasiri wa kusema, na mkono wa kumsaidia aliyesema. Katika jina la Yesu. Amina.