Mwili nao una haki yake



Ndugu zangu katika imani, mwaka wa 7 Hijria Mtume (s.a.w.) na Maswahaba waliingia Makka kwa Umra. Makuraishi wakasema homa ya Yathrib imewadhoofisha, wakakaa kuwatazama. Mtume akawaamuru Maswahaba wakimbie kwa hatua fupi katika mizunguko mitatu ya mwanzo ya tawafu, na watembee kati ya nguzo mbili, pale ambapo washirikina hawakuwaona. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia kwamba hakuwaamuru kukimbia mizunguko yote kwa sababu ya kuwahurumia tu.

Sisemi tawafu ni mazoezi ya viungo. Ni ibada. Lakini tazameni: nguvu ilitakiwa, ikatolewa kwa muda mfupi, kisha pumzi ikapewa nafasi kurudi.

Nayasema haya kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Hapa Buyenzi nasomesha madrasa jioni, na vijana wananiambia wakifika darasa la mtihani wa taifa, saa ya michezo hufutwa, ati wasome. Asubuhi wamekaa shuleni, jioni wamekaa kwangu, usiku wamekaa na simu. Ramadhani iliyopita niliwaona wa miaka 16 wakisali rakaa za mwisho za tarawehe wameketi, na wazee wamesimama.

Shirika la Afya Duniani linataka kijana apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Mkuu wa shule atauliza azitoe wapi. Basi tuombe nne. Mwaka 1996 Izumi Tabata wa Japani na wenzake walichapisha utafiti wao: vijana walikanyaga baiskeli ya mazoezi kwa nguvu kubwa sekunde 20, wakapumzika 10, wakarudia mara saba au nane. Walifanya hivyo siku nne kwa wiki, na siku ya tano waliongeza nusu saa ya taratibu. Baada ya wiki 6 ongezeko la pumzi yao halikupitwa na la wenzao waliokanyaga saa nzima siku tano kwa wiki. Baiskeli si lazima. Kuruka, kuchuchumaa na kuinuka, kukimbia papo hapo vyatosha. Mwenye pumu au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza.

Na dada zetu wasiachwe. Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza akashindwa. Wapewe ua lao na mwalimu wa kike.

Abdullah bin Amr (r.a.) alikuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, Mtume akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake. Ikiwa saumu na sala za sunna hazikuachiwa kuila haki hiyo, mtihani umepata wapi ruhusa?

Kila tawi na liandike barua kwa mkuu wa shule, ratiba ya muhula haijatoka, kuomba dakika nne kabla ya somo la tatu.

Wabillahi tawfiq.