Mkopo, Kalamu na Walii

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad:

Enyi ndugu, dola ya China imeinuka katika biashara, wala hapana pembe isiyofikiwa nayo. Ntobeye ni kata ya wilaya ya Ngara, mbali na bahari, katika wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi. Wilaya hiyo ina nikeli ya Kabanga, tena ina maporomoko ya Rusumo, ambapo makampuni ya Kichina yalishiriki kujenga mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa na nchi tatu. Basi mtu wa pwani asidhani khabari hii ni ya bandarini tu.

Wala mgeni huyu hakuja jana. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa China, zama za amiri wa merikebu Zheng He, mtu wa ukoo wa Kiislamu. Na reli ya Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ilijengwa toka 1970 hata 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Jema na lisemwe kuwa ni jema, ajapokuwa mtendaji wake si Mwislamu.

Lakini mwaka 2013 ulitiwa saini mkataba wa bandari ya Bagamoyo. Na mwaka 2019 Rais John Magufuli akayakataa hadharani masharti ambayo alisema yalikuwa pamoja na kukodisha ardhi kwa miaka 99. Hapo yapasa kuuliza: ni nani aliyeshika kalamu?

Katika Suratul Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe na mwandishi mwadilifu, na mashahidi wawepo. Wengi huishia hapo, wakasahau kwamba mwenye kutoa imla ni mdaiwa, si mdai. Kwani mdai ana nguvu ya mali yake; na mdaiwa asipoyatamka mwenyewe yatakayomfunga, atafungwa na asiyoyajua. Na akiwa dhaifu asiyeweza, walii wake atoe imla kwa uadilifu.

Basi mkulima wa Ntobeye hakai katika baraza la mikataba; walii wake ni serikali. Walii akikubali maneno ya mdai pasipo kuyasoma, au akiwaficha wenyewe, amekhini amana, wala asimtwike Mchina kosa lote. Na mfanyabiashara wa pwani ni vivyo hivyo: aletaye shehena toka Guangzhou akamficha mnunuzi ila ya bidhaa, hana uso wa kulalamikia dola kubwa.

Dola hupanda na kushuka. Yanayobaki ni maandishi na mashahidi, kisha hesabu mbele ya Mola. Asomaye na amsomee asiyejua kusoma. Wabillahi tawfiq.