Risasi na Nia ya Mpigaji

Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo hunijia kila nisikiapo wawindaji wa huku kwetu Tabora wakibishana juu ya risasi.

Zipo aina mbili kubwa. Risasi ya ncha laini hutanuka ikishaingia mwilini na kufungua jeraha pana. Hiyo ndiyo ya kongoni, pofu na palahala. Risasi ngumu haitanuki, bali hupenya mbali. Nayo huchaguliwa kwa tembo, mwenye ngozi nene na mifupa mizito. Asiyechagua vema, au apigaye kwa gobori lililoshindiliwa vipande vya chuma, mara nyingi hujeruhi tu. Mnyama huingia miomboni akafia huko, asimfae mtu.

Sasa tazama ajabu. Mwaka 1899, mjini The Hague, mataifa yalikubaliana kwamba risasi inayotanuka isitumike vitani. Ile iliyokatazwa kwa binadamu kwa ajili ya huruma ndiyo tunayohimizwa kumpigia mnyama, nayo pia kwa ajili ya huruma. Je, huu si ule mkuki wa nguruwe?

Nimelitafakari jambo hili, nami naona sivyo. Vitani yatosha askari ashindwe kupigana. Azimio la St. Petersburg la mwaka 1868 lilikwisha kulisema hilo. Aliyejeruhiwa aweza kubebwa, akatibiwa, akarudi kwao. Mnyama hana hospitali. Kwake jeraha dogo ni kifo cha polepole. Huruma kwa askari ni kumwachia nafasi ya kuishi. Kwa mnyama uliyekwisha kukusudia kumuua, ni kutomchelewesha.

Lakini hoja hii humfunga mwindaji kuliko inavyomtetea. Akiitumia, amekiri kwamba mnyama huumia, na kwamba maumivu hayo ni juu yake. Katika karne ya 19 misafara ilipita hapa Tabora na pembe kwenda Bagamoyo. Pembe zilipimwa kwa frasila. Maumivu ya tembo hayakuwa na mizani. Sisi tunaojua zaidi hatuwezi kujificha nyuma ya desturi hiyo. Mwenye kibali mfukoni, ikiwa risasi aliyonayo si ya mnyama aliye mbele yake, au umbali ni mkubwa mno, hana budi kushusha bunduki, hata kama nyumbani wanangoja kitoweo.